Jina la Mwenyewe Lisiachiwe Mashine

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuliosoma vyuoni tulifundishwa na maalim kwamba neno halichukuliwi hivi hivi. Huulizwa, umelipokea kwa nani, naye alilipokea kwa nani?

Adabu hiyo leo naiona mahali nisipoitarajia: katika kazi ya vijana watungao programu za kompyuta. Programu, ndugu msomaji, ni maandishi. Mtu huiandika mstari kwa mstari, akaigawa katika mafaili, pengine mamia, pengine maelfu. Juu ya kila faili mwandishi mwangalifu hutia maneno machache ambayo kompyuta huyaruka, lakini binadamu huyasoma: hakimiliki ni ya fulani, mwaka fulani, na leseni, yaani masharti ya kuitumia kazi hii, ni kadha wa kadha. Leseni ya GPL, toleo la pili la mwaka 1991, na ile ya Apache ya mwaka 2004, zote hushauri hivyo.

Kwa nini kila faili, lisitoshe tangazo moja mlangoni? Kwa sababu mafaili husafiri. Mtu hung'oa moja akalitia katika kazi yake, na masharti yakabaki nyuma. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huzilinda programu pamoja na maandishi mengine, na haki ya mwenyewe ipo hata asipoandika jina. Walakini haki isiyotangazwa ni rahisi kuvunjwa.

Basi kwa kuwa kuandika maneno yale yale mara elfu kunachosha, vijana wametengeneza programu ndogo za kuifanya kazi hiyo. Hupita faili kwa faili. Zikikuta juu hapana tangazo, hulitia. Kazi ya siku nyingi huisha kwa dakika. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni huu: mashine huona kwamba jina halipo, bali haijui jina lililostahili kuwapo ni la nani. Aghalabu mtungaji huazima faili la mwenziwe lisiloandikwa kitu juu, kwa kuwa mwenyewe aliyaweka masharti yake katika faili moja tu la kando. Mashine ikipita hulipiga muhuri wa mwazimaji. Hapana aliyekusudia wizi, na wizi umekwishafanyika. Nami naujua uchungu wake. Nimewahi kulisikia shairi langu likighaniwa harusini, likatajwa kuwa la mtu mwingine. Aliyelighani hakuwa na nia mbaya. Alilipokea bila jina, akalipa jina alilolidhania.

Tazama walivyofanya watunzaji wa Linux, ile programu mama iendeshayo hata simu nyingi za mifukoni mwetu. Mwaka 2017 walikuwa na maelfu ya mafaili yasiyo na tangazo la leseni. Waliyachunguza kwa vyombo vya kompyuta, kisha watu wakakaa kuyapitia matokeo, hasa pale vyombo vilipohitilafiana. Ndipo mwezi wa Novemba alama fupi iitwayo SPDX ikatiwa juu ya mafaili hayo kwa mkupuo mmoja. Mashine iliandika, lakini watu ndio waliohukumu.

Na hapa kwetu Mombasa mfano upo tangu zamani. Muyaka bin Haji alifariki karibu na mwaka 1840. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya mashairi yake kwa kuwaendea wazee walioyahifadhi. Lau si kuuliza kule, leo tungekuwa na beti tu, tusijue za nani.

Kwa hiyo, wanangu mnaotunga programu, nasaha yangu ni fupi. Kabla hamjaiachia mashine, orodhesheni mlichoazima, mkitenge kando, na msome masharti ya mwenyewe. Yaliyo yenu halisi ndiyo yatiwe jina lenu. Mashine ipewe kalamu, isipewe ukadhi.