Tuanze na Hadithi: Rai Juu ya Kufundisha Kiingereza

Mwanachuo aendaye Iramba, Mkalama, Ikungi au Manyoni kwa mazoezi ya kufundisha yafaa akumbuke jambo moja kabla hajashika chaki. Watoto wengi atakaowakuta wamekwisha kujifunza lugha mbili: Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu au Kigogo nyumbani, na Kiswahili kijijini na shuleni. Hao si watu walioshindwa na lugha. Wakikaa kimya katika kipindi cha Kiingereza, hatuna budi kuchunguza kwanza ufundishaji wetu.

Jambo hili si dogo. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi zilizo nyingi, ilhali katika sekondari masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto afikaye huko bila Kiingereza cha kutosha hapotezi somo moja tu. Hupoteza Hisabati, Jiografia na Biolojia pamoja. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd walieleza kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini hakikutosha kubeba masomo hayo. Msingi wa kazi hiyo umo mikononi mwetu sisi wa shule za msingi.

Kosa letu kubwa ni orodha. Tunaandika maneno kumi ubaoni, watoto wanayatamka kwa pamoja, wanayanakili, kengele inalia. Lakini mtoto ajuaye maneno mia, asiyeweza kusema nani alifanya nini, bado hajapata lugha.

Rai yetu ni kwamba tuanze na hadithi, tena hadithi ambayo watoto wanaijua. Tuchukue ya Sungura na Fisi. Siku ya kwanza mtoto mmoja aisimulie kwa Kiswahili. Kisha mwalimu aisimulie kwa Kiingereza kwa sentensi sita fupi: Fisi ana njaa, Sungura ana nyama, na kadhalika, akionyesha kwa vitendo na kwa picha zilizochorwa juu ya karatasi ya manila. Siku ya pili watoto waigize. Siku ya tatu ndipo sentensi ziandikwe na kusomwa. Kwa kuwa maana wanayo tayari, nguvu zao zote zitakwenda kwenye lugha.

Hadithi hufundisha hata sarufi. Lugha zetu husema "anakuja" kwa mwanamume na kwa mwanamke, lakini Kiingereza hutenganisha "he" na "she". Kanuni hiyo ikikaririwa husahaulika. Ikiwamo katika hadithi ya kaka na dada waliokwenda kuchota maji, hubaki. Aidha, tukiuliza kwa nini Fisi alimwamini Sungura, tumekwisha kuingia katika fasihi. Anayekosa maneno ya Kiingereza ajibu kwa Kiswahili, nasi tumsaidie kulivusha jibu lake.

Wako wanaosema kwamba Kiswahili kipigwe marufuku ili Kiingereza kikue. Katika baadhi ya shule za Afrika Mashariki mtoto amevishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili. Hatukubaliani nao. Aibu humfunza mtoto kunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Mwalimu Nyerere, aliyesomea ualimu kabla ya siasa, alichapisha mwaka 1963 tafsiri ya Kiswahili ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare. Alizitumia lugha zote mbili, wala moja haikuiua nyingine.

Tunajua kwamba vitabu ni vichache na madarasa yamejaa. Hata hivyo hadithi haihitaji ghala. Kila mwanachuo, kabla ya kwenda mazoezini, atayarishe hadithi tatu pamoja na picha zake, azisome kwa sauti mbele ya wenzake, akubali kusahihishwa. Mwalimu anayeogopa kusema Kiingereza mbele ya wenzake atawaambukiza watoto woga huo huo. Kazi ianze na sisi.