Jeli tupu haioteshi ngozi

Mtoto akimwagikiwa na chai moto, au stovu ya mafuta taa ikilipuka, wazazi wengi hukimbilia chochote cha kupaka. Siku hizi jeli za majeraha zinauzwa katika maduka ya dawa, na si ajabu mtu kuambiwa kwamba jeli fulani "inaotesha ngozi". Kwa maoni yangu, mnunuzi asiyakubali maneno hayo kabla ya kuuliza swali moja: seli za ngozi zitashika wapi?

Jeli za aina hii, ziitwazo haidrojeli, ni nyuzi nyembamba sana zilizoshikana kama wavu na kubeba maji mengi. Mwaka wa 1960 wanasayansi Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa mjini Prague walitangaza jeli ya kutengenezwa ambayo baadaye ilizaa lenzi laini za macho. Seli hazigandi juu yake kwa urahisi. Sifa hiyo huifaa lenzi, na hufaa pia katika kufunika jeraha: kidonda hubaki na unyevu, na bandeji ikibanduliwa haing'oi ngozi changa.

Lakini ukitaka seli ziote juu ya jeli, sifa hiyo hiyo hugeuka kasoro. Seli za ngozi zisipopata mahali pa kushika, hufa. Juu ya jeli tupu huteleza kama kambare mkononi.

Ufumbuzi ulianza kuonekana mwaka wa 1984. Huko California, Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti waligundua kwamba seli hushika protini iitwayo fibronektini kwenye sehemu ndogo sana, ambayo kiini chake ni asidi za amino 3 tu. Tangu wakati huo wataalamu wamekuwa wakiunganisha vipande kama hivyo kwenye uso wa jeli ili viwe vishikio. Vikiwa vichache mno, seli huteleza; vikiwa vingi mno, hunaswa zisiweze kutambaa kuziba jeraha. Kipimo cha kati ndicho kifaacho.

Basi jeli si zote sawa. Ile ya kufunika ina kazi yake na haifai kudharauliwa, ila isiuzwe kwa sifa za ile yenye vishikio. Jeraha la moto lililokula ngozi yote aghalabu huhitaji kupandikizwa ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Siku zinazopotea nyumbani kwa kutegemea jeli zaweza kumlemaza mtoto maisha yake yote.

Bodi ya Dawa na Sumu haina budi kuwataka wauzaji watoe ushahidi kabla ya kuandika "huotesha ngozi" kwenye pakiti. Nawe mzazi, mtoto akiungua, mwagilia jeraha maji baridi ya mfereji, si barafu, kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Jeli ataichagua daktari.