Usiukabe Mpini wa Jembe

Mvua inapokaribia, wengi wenu huacha ofisi za Nairobi na kwenda nyumbani Masinga kulima na kutengeneza matuta ya fanya juu. Jumatatu mnarudi kazini viganja vimejaa malengelenge na viwiko vinauma.

Watu husema mkono wa mjini ni laini. Mimi naona kosa ni la mpini unaoteleza. Fanya juu humtaka mtu arushe udongo upande wa juu wa mteremko, na mpini wenye jasho huzunguka kiganjani. Naye huukaba zaidi. Hapo ndipo anapojiumiza: ngozi husuguliwa, na kano za kiwiko huchoshwa bure.

Mcheza gofu fimbo ikimteleza huosha mpira wa mshikio kwa sabuni, huukausha, na ukichakaa huubadilisha. Nawe fanya vivyo hivyo. Osha mpini, uanike, vibanzi uviondoe kwa msasa, wala usiupake vanishi. Ukipenda, uzungushie ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli. Beba kitambaa cha kufutia jasho. Jembe likilegea, likaze kwa kabari, kwani likichomoka laweza kumpasua mtu mguu.

Lengelenge usilipasue. Ukijikata, osha jeraha kwa sabuni na maji safi, kisha nenda zahanati ukaulizie sindano ya pepopunda.

Mpini hununuliwa sokoni. Mkono hauuzwi popote.