Paneli za Jua: Ulizeni Kwanza Bei ya Taslimu



Mwaka 2023 nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, ndiyo kwanza nimejifunika, mlango ukagongwa. Kijana nadhifu, kishikwambi mkononi. Eti serikali inalipia paneli za jua, mimi sitoi hata senti. Nilikaribia kusaini kwa usingizi tu. Kilichoniokoa ni swali moja: nikilipa taslimu ni bei gani? Akakohoa. Taslimu dola 24,000, kwa mkopo dola 30,000. Paneli zile zile, paa lile lile hapa Woodbury.

Tusidanganyane, riba ya asilimia 2.99 ndiyo chambo. Mkopeshaji anamkata fundi ada, naye fundi anaipandisha juu ya bei yako. Piga hesabu: dola 30,000 kwa miaka 25 ni kama dola 142 kwa mwezi, jumla yapata dola 42,600. Ukijikaza ukalipa mapema unaokoa riba, lakini zile 6,000 zimeshakwenda. Sisi wabeba maboksi tunajua 6,000 ni zamu ngapi. Machi 2024 Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, Keith Ellison, alizishtaki kampuni 4 za mikopo ya sola akidai zinaficha ada za namna hiyo. Kwa hiyo sio mimi tu mwenye kelele.

Ile "serikali inalipia" nayo ilikuwa nafuu ya kodi ya asilimia 30. Haikuwa hundi, ilipunguza kodi unayodaiwa. Kama kodi yako ni ndogo, hukuipata yote kwa mkupuo. Na kwa paneli unazonunua mwenyewe ilikoma tarehe 31 Desemba 2025. Anayekupigia hesabu kwa asilimia 30 leo anakuuzia jana.

Sisemi sola ni mbaya. Januari theluji inafunika paa, lakini sheria ya Minnesota ya tangu 1983 inataka umeme wako wa ziada, kwa mitambo midogo ya nyumbani, ununuliwe kwa bei ya rejareja. Mchana wa Julai unawauzia Xcel Energy, usiku unachukua kwao. Gridi ndiyo betri yako, na hulipii betri.

Nyumbani ni kinyume. Umeme ukikatika, paneli bila betri hazikuwashii taa usiku, na betri za asidi zinakufa baada ya miaka michache tu. Kaka yangu wa Dodoma aliniomba hela ya paneli, betri hakuitaja kabisa. Na mnaolipia kidogo kidogo kwa simu, mtindo ambao M-KOPA waliuanza Kenya 2012, swali ni lile lile: taslimu ni ngapi?

Mwisho, kwa wa huku: mkataba uliosainiwa mlangoni kwako una siku 3 za kazi za kuuvunja. Mwenzangu wodini alikumbuka siku ya 4. Bado anaulipa.

Naomba kuwasilisha.