Sistimu Imelala, Nani Ataiamsha?

Bandari si mambo ya Mombasa peke yake. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mwezi wa Mei 2021, bahari imetusogelea hata sisi wa Tarasaa. Basi nami nina neno.

Mjomba wangu ni utingo wa lori. Mwaka jana walikaa foleni siku tatu kwenye ofisi moja ya kukagulia mizigo (jina nalihifadhi) kwa kuwa, ati, "sistimu imelala". Kuuliza itaamka lini, kila karani alitazama dari. Na mzigo haulali bure jamani! Mwenye mali hutozwa, naye huipachika hasara hiyo kwenye bei ya mitumba na mafuta ya kupikia. Anayelipa ni mama yako.

Sisemi turudie kalamu na faili. La hasha! Faili ilitembea meza hadi meza, na meza nyingine hazikuachia faili bila chai. Mwaka 2005 KRA ilileta mfumo wa forodha ulioitwa Simba, na mwaka 2008 Halmashauri ya Bandari ikaleta KWATOS, wa kujua kila kontena liko wapi uwanjani. Ulikuwa uamuzi mzuri sana. Lakini kompyuta ni kama mtumbwi wa mto Tana: usipoziba nyufa mapema, utazama hata kama mti wake ulikuwa mwema. Simba naye alizeeka, ikabidi aletwe mwingine, iCMS. Kwa nini tungoje mpaka kitu kizeeke ndipo tutafute pesa ya kukibadilisha?

Hata matajiri huzama. Juni 2017 virusi vya kompyuta viitwavyo NotPetya viliivamia Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, ikapoteza kama dola milioni 250 au 300. Mnajua kilichowaokoa? Kompyuta moja huko Ghana ambayo stima ilikuwa imepotea, virusi visiifikie! (Kumbe kupotea kwa stima nako kuna faida.) Kisha Julai 2021 wahalifu wakaivamia Transnet ya Afrika Kusini, na bandari ya Durban ikarudi kuandika kwa mkono. Kwa hivyo mimi nashikilia kwamba kila bandari iwe na watu wanaojua kompyuta na pia wanaoijua kazi yenyewe bila kompyuta. Mashine ikizimika, asibaki mtu anatazama dari.

Watu hao watatoka wapi? Kazi ya kubeba mizigo gatini imeshachukuliwa na kreni, msijidanganye. Shule nyingi zina kompyuta zilizofunikwa vitambaa kama bibi harusi, zikifunuliwa wageni wakija. Walimu wetu, tafadhali, chumba chetu kifunguliwe hata Jumamosi. Vumbi tutafuta wenyewe.