Nyololo hadi Mbeya: Wanaogopa nini kwenye ofisi zetu?

Makamanda,

Septemba 2, 2024 ilitimia miaka 12 tangu Daudi Mwangosi auawe pale Nyololo, Mufindi. Wengi mliojiunga na Bavicha juzi mlikuwa shule ya msingi mwaka 2012, kwa hiyo naomba niwakumbushe.

Siku ile hatukuwa tunaandamana kwenda Ikulu. Chama kilikuwa kinafungua ofisi ya tawi kijijini, basi. Polisi wakazuia, sababu wakasema ni sensa. Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, alikwenda pale kikazi. Askari wakamzunguka, wakampiga, na bomu la machozi likafyatuliwa likiwa karibu kabisa na mwili wake. Alifia palepale.

Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba kilichomuua kilirushwa na wafuasi wetu. Yaani sisi ndio wauaji! Kilichovunja maelezo hayo ni picha. Mpiga picha wa gazeti alikuwepo na kamera yake, nchi nzima ikaona nani alimzunguka nani. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja tu, wakati kwenye picha wanaonekana kundi zima. Na waliowatuma je?

Ndiyo maana hayaishi. Agosti 2020 ofisi yetu ya Kanda ya Kaskazini, Arusha, ikachomwa moto usiku, uchaguzi ukiwa mlangoni. Agosti 2024 ikawa zamu ya Mbeya. Tulitaka kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani, Agosti 12. Lissu, Mnyika na Sugu wakakamatwa, vijana zaidi ya 500 wakabebwa, wengine wakizuiwa barabarani hata Mbeya hawajaiona. Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wakati huo, akakamatwa alipokuja kuwafuatilia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Baada ya Mbeya kamanda mmoja kaniambia, "Na wao wana ofisi, na zina vioo." Wengine wakacheka. Mimi sikucheka.

Hasira yake naielewa, ninayo hata mimi. Lakini hebu fikirini: siku ile Nyololo, kama kwenye zile picha angeonekana kijana wetu mmoja ameshika chupa ya petroli, leo jina la Mwangosi lingekuwa wapi? Yale maelezo ya kwanza yangesimama mpaka kesho. Anayetaka kutuita magaidi anahitaji kitu kimoja tu kutoka kwetu, na wewe ndugu yangu unataka kumpelekea mkononi bure.

Halafu kuna kingine. Ofisi ya CCM kijijini kwenu inafagiliwa na mama yako mdogo. Mlinzi wake ni jirani yenu. Ukichoma pale, aliyetoa amri Mbeya hata jasho halimtoki.

Tufanye haya. Kila tawi liwe na watu wawili wa kupiga picha na kuandika: saa ngapi, namba ya gari, nani alitoa amri. Picha zitumwe kwa mtu mwingine hapohapo, maana simu zinanyang'anywa. Kila aliyekamatwa Mbeya aandike yaliyomkuta, mwanasheria ayapokee. Tuache kudai haki kwa jumla jumla, tudai majina ya waliotoa amri.

Na tufungue ofisi. Tawi letu ni chumba kimoja, kodi tunachangishana, mvua ikinyesha tunahamisha meza. Lakini bendera ipo juu, na bibi mwenye kesi ya shamba anajua pa kuja. Hicho ndicho wanachokiogopa. Wakifunga moja Mbeya, tufungue mbili Mufindi.

Tuanzie Nyololo.