Mkanda wa taimingi usisubiriwe kukatika
Mfanyabiashara wa Musoma anaponunua Hiace ya dizeli iliyotumika, hukagua bodi na matairi, akausahau mkanda wa taimingi kwa kuwa hauonekani. Kwa injini za 3L na 5L, mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Samaki wa kupeleka Bunda au Butiama huozea njiani, na injini lazima ifunguliwe.

Kilomita za kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake, maana huweza kurudishwa nyuma, na taa ya T-BELT hufuata hizo hizo. Ulizia stika au risiti ya mkanda kubadilishwa. Ikikosekana, badilisha kabla ya safari ya kwanza. Gharama hiyo ni sehemu ya bei ya gari.